Nyuma ya Kioo cha Mwisho

Ramli alipoiona nuru ikigeuka ndani ya kompyuta na kurudi ilikotoka, hakuufikiria mtambo. Alimfikiria mwanamke ambaye asubuhi hiyo angesimama nyuma ya kioo cha mwisho, miwani ya kinga usoni, akikaza skrubu kwa mkono huku akiimba kwa sauti ya chini.

Ramli halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alibandikwa jina hilo na Swichi, fundi mnene, mcheshi, aliyekaa kwenye meza ya kufyatulia leza, kwa sababu kazi ya kijana huyu ilikuwa kutabiri. Kabla leza haijafyatuliwa kwenye gesi, yeye aliuiga mchezo mzima ndani ya kompyuta. Mwali mfupi wa leza ukiingia kwenye gesi huivunjavunja, ikawa plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimeng'oka na kuranda ovyo. Mwali hukimbia na kuacha wimbi nyuma yake, kama basi linalopita kasi na kuzoa karatasi za barabarani. Elektroni hulidandia wimbi hilo, zikatokea upande wa pili na kasi ambayo mitambo mingine huihitajia jengo refu ili kuipata. Yote hayo hutokea mahali padogo kuliko punje ya mchele. Jicho haliyaoni. Kompyuta ndiyo iliyoyaona, nayo ilimwambia Ramli.

"Ramli yako inasemaje leo, mganga?" Swichi alikuwa akimuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi Ramli alimjibu kwamba inasema Swichi apunguze vitafunio.

Asubuhi hii hakumjibu. Alipita mbio mbele ya meza yake, shati limetoka nje ya suruali, na Swichi akabaki na mdomo wazi.

Tatizo lilikuwa dirisha. Kompyuta haina nguvu ya kuiga gesi yote kwa pamoja, basi watu wa kazi ile huweka dirisha dogo linalokimbia sambamba na mwali, na kompyuta huhesabu kilichomo dirishani tu. Kinachoachwa nyuma hufutwa. Kila mtu hufanya hivyo, na kwenye gesi nyepesi hakuna ubaya, kwa sababu nyuma ya mwali hakuna cha kutazama. Lakini wiki hiyo walikuwa wamefunga mdomo mpya wa gesi, uliotema gesi nzito kuliko yote waliyowahi kuitumia. Ramli akaiiga gesi hiyo nzito kwa dirisha lilelile linalokimbia. Picha ikawa nzuri ajabu. Mkurugenzi wa maabara akaipenda, akaalika wageni waje kuona leza ikifyatuliwa.

Na Mkurugenzi huyo ndiye aliyekuwa baba wa Binti Vioo.

Hivyo ndivyo walivyomwita wote, hata baba yake kazini. Hakuna aliyevijua vioo vya maabara ile kama yeye. Alivisafisha, alivipanga, alivisemesha. Injini ndogo ya kukigeuza kioo cha mwisho ilikuwa imeungua, na mpya ilikuwa haijafika, kwa hiyo kabla ya kila mfyatuo alisimama nyuma ya kioo hicho akikinyoosha kwa mkono, na kukaa hapo hadi leza ifyatuliwe. Baba yake alisema hawezi kumweka mtoto wa mtu mahali pale, bora amweke wake. Watu walimsifu kwa neno hilo.

Nyuma ya fremu ya kioo hicho, mahali ambapo mtu mwingine asingepatazama, palikuwa na kipande cha karatasi ya gundi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino:

*Macho yako ni mawili, moyo wangu ni mmoja;*
*Moja likinikubali, la pili lanipa hoja.*

Binti Vioo alipokisoma mara ya kwanza alimtumia Ramli ujumbe wa kumuuliza, je, na yote mawili yakikataa? Ramli akajibu kwamba atatafuta kazi ya kuuza viatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kusema zaidi. Macho yao yalikutana kwenye korido, yakashuka, yakakutana tena, na Swichi akawa anajikohoza kila walipopishana.

Juzi, Ramli na mjomba wake walikwenda kupeleka posa.

Walipokewa vizuri. Walikaribishwa, wakaketi. Shangazi wa Binti Vioo, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alimtazama kijana kuanzia viatu hadi kichwa na kurudi tena kwenye viatu. Kisha Mkurugenzi akasema neno lake kwa sauti ya upole, na huo upole ndio uliomuumiza Ramli zaidi. Alisema anamheshimu kazini. Alisema lakini binti yake hatampa mtu anayeishi ndani ya picha, mtu ambaye hajawahi kushika spana wala kuungua kidole. Shangazi akaongeza kwamba kuna familia nyingine imeshauliza, watu wa maana, watakuja mwisho wa wiki.

Mjomba alimbana Ramli goti. Haikusaidia. Ramli alisimama, damu imempanda kichwani, akasema, "Mzee, bila picha zangu mtambo wako ni kipofu. Iko siku utanitafuta."

Shangazi akageuza uso. "Mmesikia? Hajapewa mke, ameshaanza kuapiza."

Binti Vioo alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha pili. Alisikia yote.

Ramli aliondoka hapo moja kwa moja hadi maabara. Alilipigilia lile dirisha lisimame, akaiamuru kompyuta ihesabu gesi yote, mbele na nyuma, hata ikitoa moshi. Alitaka kumtupia yule mzee picha isiyo na dosari, picha ambayo angeona aibu kuiita picha. Kompyuta ikasaga kutwa kucha. Na asubuhi hii ilipomaliza, alichoonyeshwa Ramli hakikuwa ushindi. Mwali uliingia kwenye gesi nzito, na sehemu yake ikageuka. Ikarudi nyuma, nyembamba, kali, kuelekea kwenye vioo. Na ilikuwa imebadilika rangi.

*

Taa juu ya mlango wa chumba cha vioo ilikuwa bado kijani. Ramli alimkuta Binti Vioo koridoni akifunga vifungo vya koti jeupe. Miwani ya kinga ilikuwa imening'inia shingoni. Alimwona Ramli, akarudisha macho kwenye vifungo.

"Usiingie leo," Ramli alisema.

"Habari za asubuhi na wewe."

"Sitanii. Usiingie."

Alimweleza akihema. Alimweleza habari ya dirisha lililosimama na nuru iliyorudi. Binti Vioo alimsikiliza huku mikono yake ikiwa imesimama kwenye kifungo cha mwisho. Mwishoni aliuliza swali moja tu, swali ambalo hakuna mwingine katika jengo lile ambaye angeliuliza.

"Inarudi na rangi gani?"

"Imeshuka chini ya nyekundu. Jicho haliioni."

Aliishika miwani yake. Vioo vyake vyote vilipakwa ngozi ya kurudisha rangi moja, rangi ya leza yao. Rangi nyingine ilivipenya kama maji yanavyopenya kitambaa. Na miwani hii aliyoiamini ilizuia rangi hiyohiyo moja. Miezi yote tangu injini iungue alikuwa amejificha nyuma ya ukuta ambao, kwa nuru ya namna ile, haukuwa ukuta.

"Una hakika?"

Ramli angeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine angesema ndiyo. "Mwigo wangu unasema hivyo," alijibu. "Gesi yenyewe sijaiuliza."

Binti Vioo alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Juzi uliapiza sebuleni kwetu. Leo unaonya. Nimwamini yupi kati yenu wawili?"

"Yule aliyekuja mbio."

Hapo alimtazama. Aliyainua macho yote mawili, yakakaa juu yake muda mrefu kuliko walivyowahi kuthubutu koridoni. Ramli alinyoosha mkono kutaka kuushika wake. Binti Vioo akarudi hatua nyuma.

"Wageni wameshakaa," alisema. "Nikitoka kwa neno lako, nitakuwa nimechagua kati yako na baba mbele za watu, na yeye hatanisamehe kwa hilo. Mwambie mwenyewe. Yeye ndiye wa kusimamisha. Mimi nitakuwa ndani, na huwa hawafyatui mpaka niseme kioo tayari."

"Na usiposema?"

"Nimeshawahi kunyamaza baba akiniita?"

Aliuvuta mlango, akaingia. Taa ikageuka manjano.

*

Chumba cha kuongozea mtambo kilikuwa kimetulia kama chumba cha mgonjwa. Swichi alikuwa mezani, kidole karibu na kitufe. Nyuma ya kioo kipana, kwenye chumba cha pili, wageni walikuwa wameketi kwenye safu wakipepewa na feni. Mkurugenzi alisimama katikati na suti yake nzuri. Alikuwa mtu mrefu, mwenye makovu madogo ya kuungua kwenye vidole, na aliyapenda makovu hayo kama wengine wanavyopenda pete.

"Mzee, tusimamishe," Ramli alisema.

Mkurugenzi hakugeuka mara moja. Alitabasamu kwa wageni, kisha akamsogelea na kuongea chini chini. Akataka sababu, akapewa. Akauliza kwa nini picha ya wiki iliyopita haikuonyesha kitu hicho, na Ramli akamweleza kwamba dirisha lilikuwa likikimbia, kilichorudi nyuma kikafutwa.

"Kwa hiyo picha ya kwanza ilikuwa ya uongo."

"Ilikuwa nusu, Mzee."

"Na hii ndiyo nzima. Imekuwa nzima baada ya mimi kukukatalia."

Swichi alijaribu kusema kwamba ramli za huyu bwana zimeshapatia mara nyingi, kasoro ile ya mvua siku ya harusi ya mpwa wake. Hakuna aliyecheka. Akayarudisha macho kwenye kitufe.

"Sikia, kijana," Mkurugenzi alisema. "Nimefyatua leza hii kabla hujajua kuwasha kompyuta. Haijawahi kumrudia mtu."

"Hamjawahi kuitupia gesi nzito namna hii."

"Juzi ulisimama kwangu ukasema iko siku nitakutafuta. Siku yenyewe imekuja haraka, au siyo? Tena mbele ya wageni, ili kila mtu aone kwamba mzee hawezi kitu bila mkwe aliyemkataa."

Kila neno alilokuwa nalo Ramli lilikuwa limeshanajisiwa na lile la juzi. Angelia, wangesema ni mapenzi. Angefoka, wangesema ni kisasi. Kwenye meza ya Swichi kipaza sauti kilikuwa kikivuma taratibu. Kilikuwa wazi upande wa chumba cha vioo, kama kinavyoachwa wazi kila siku ya kufyatua ili fundi wa kioo akipata shida asikike, naye asikie anapoitwa. Mkurugenzi, kwa hasira yake, alikuwa amesahau kwamba hata asiyekiinamia husikika huko. Ramli hakuwa na nafasi ya kulikumbuka hilo. Swichi alilikumbuka, akaogopa kunyoosha mkono kukifunga.

Mkurugenzi akainama kwenye kipaza sauti. "Gesi?"

Sauti ya mtu wa gesi ikajibu kutoka chini kwamba gesi tayari.

"Kioo?"

Kimya. Mvumo wa kipaza sauti, na ndani ya mvumo huo, pumzi ya mtu.

"Kioo?" Mkurugenzi akarudia, na sasa sauti yake ilikuwa ya baba.

Ramli alisikia pumzi ile ikivutwa, pumzi ya mtu anayejiandaa kusema. Alimjua. Alijua angejibu. Aliushika mkono wa mzee, kitu ambacho hakuna kijana aliyewahi kukifanya katika chumba kile, akaubana juu ya meza.

"Nakuomba," alisema. "Sijawahi kumwomba mtu. Nakuomba wewe."

Mzee aliutazama mkono wake ulioshikwa. Kisha akamtazama kijana usoni, kwa muda, kama anayekagua chuma kuona kama kina ufa.

"Vizuri," alisema. "Kama ni kazi inayokusemesha na siyo moyo, basi uweke moyo pembeni tuone kitakachobaki. Ondoa posa yako. Hapa hapa. Ukishaiondoa hutakuwa na faida yoyote ya kunisimamisha, nami nitasimamisha."

Swichi alisema polepole, "Mkuu."

"Wewe nyamaza."

Ajabu ya binadamu ni kwamba wakati wa jambo kubwa huwaza jambo dogo. Ramli aliwaza kiatu cha mjomba wake, alivyokipaka rangi siku ile mpaka kikang'aa, alivyokaa kwenye kochi la watu akikificha kisigino kilicholika. Aliwaza kipande cha karatasi ya gundi nyuma ya fremu. Aliwaza macho mawili ambayo dakika chache nyuma yalikuwa yamekaa juu yake. Alikuwa mtu mwenye kiburi, na kwa mara ya kwanza maishani kiburi chake kilimwangalia yeye mwenyewe na kumuuliza kinatumika kwa nini.

"Naondoa," alisema.

"Unaondoa nini?"

"Naondoa posa yangu. Binti yako si wa kwangu, na sitakuja tena nyumbani kwako kumuuliza. Sasa mtoe nyuma ya kioo kile."

Kutoka kwenye kipaza sauti kukasikika kitu cha chuma kikianguka sakafuni, kikadunda, kikatulia.

Wanaume watatu walikitazama kipaza sauti. Rangi ilimtoka Mkurugenzi, midomo kwanza, kisha uso wote. Alipoinama tena sauti yake ilikuwa na mikwaruzo.

"Mwanangu. Bandika karatasi nyeusi mahali unaposimama, kwa kimo cha uso wako, tuone kama itaungua. Kisha toka humo. Tutafyatua nusu ya nguvu."

Wakasikia karatasi ikichanwa, gundi ikivutwa, hatua zikienda na kurudi. Kisha mlango. Mwisho ikaja sauti yake kutoka kipaza sauti cha koridoni, kavu, ya kikazi, isiyo na mtu ndani yake.

"Kioo kimeachwa."

Swichi akabonyeza.

Leza ile haikuwa na mshindo. Ilisikika *tak*, kama ukucha juu ya meza. Kwenye skrini doa la elektroni likang'aa, dogo, jeupe, safi, mahali palepale ambapo mwigo ulisema litang'aa. Wageni nyuma ya kioo wakapiga makofi. Kwao siku ilikuwa imefana. Mkurugenzi aliwapungia mkono, akatabasamu, na tabasamu lile likabaki usoni mwake likiwa limesahauliwa alipotoka kwenda chumba cha vioo.

*

Walisikia harufu kabla hawajawasha taa kubwa.

Binti Vioo alikuwa amefanya zaidi ya alivyoambiwa. Alibandika karatasi nyeusi kwenye ubao nyuma ya kioo kwa kimo chake, na juu ya karatasi akaivisha miwani yake ya kinga, akaifunga kwa nyuma, ili ikae kama inavyokaa usoni. Karatasi yenye miwani iliwatazama kutoka gizani kama mtu.

Miwani ilikuwa nzima. Haikuwa na mkwaruzo, haikuwa na alama. Nyuma ya lenzi ya kushoto, karatasi ilikuwa na tundu lenye ukubwa wa kifungo cha shati. Kingo zake bado zilikuwa zikitoa moshi.

"Nusu ya nguvu," Swichi alinong'ona, na hakuwa na mzaha wa kuongeza.

Mkurugenzi aliitoa miwani, akaishika kwenye mwanga, akaigeuza. Aliichukua karatasi, akamgeukia binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni, akaiinua mbele yake kama anayepima nguo. Tundu likaangukia jicho. Mzee akaishusha haraka.

"Ahsante, kijana," alisema bila kumtazama Ramli.

Ramli alingoja. Kila aliyekuwa pale aliingoja sentensi ya pili. Ingekuwa fupi tu, kwamba posa ile haijaondolewa. Mzee aliweka sawa tai yake, na hapo simu ikalia mfukoni mwake.

Alikuwa Shangazi. Sauti yake ilisikika hata kwa waliosimama mbali, akitaka kujua kama wageni wamefurahi na kama yule kijana amekuja kuleta fujo. Mkurugenzi alijibu kwamba hakuna fujo. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeokota kitu alichokiona kimeanguka njiani, "Yule ameondoa mwenyewe. Mbele yangu."

Mzee hakuwa amedanganya. Hilo ndilo lililokuwa baya: kila neno lilikuwa kweli.

Binti Vioo alisogea, akanyoosha mkono, na baba yake akampa simu kabla hajafikiri.

"Shangazi, shikamoo. Ndiyo, ameondoa, nimemsikia. Nilikuwa hapo hapo, nyuma ya kioo." Alisikiliza kidogo. "Hapana, silii. Nakuuliza tu, kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea. Juzi mlikaa mkaniamulia. Leo wamekaa wakaniuza na kuninunua juu ya meza ya Swichi. Kuna mtu yeyote unayemkumbuka aliyeniuliza?"

Hakungoja jibu. Akairudisha simu kwa baba yake, akaichukua ile karatasi, akamsogelea Ramli.

Ramli alitaka kusema yote kwa mara moja: kwamba asingefanya vingine, kwamba angeiondoa hata pumzi yake, kwamba neno lile lilitoka mdomoni tu na halikupita moyoni. Alisema, "Ilikuwa macho yako."

"Najua ilikuwa macho yangu. Mimi ndiye ninayeyavaa." Sauti yake ilikuwa ya chini, na chini yake kulikuwa na kitu kilichokuwa kikivunjika polepole. "Ulikuja koridoni ukaniambia kweli yote, hata ile usiyoijua. Nikaingia ndani nikikuwazia vizuri. Halafu ukaenda ukanitoa kama mzigo. Hukusema, mwite hapa, tumsikie naye. Ungesema hivyo tu, ningekuja mbio."

"Hakukuwa na muda."

"Aliita kioo mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa na muda wote mkononi, Ramli. Hakuna aliyeuomba."

Aliiinua karatasi mpaka usawa wa uso. Kupitia tundu lililoungua, jicho lake moja lilimtazama, jeusi, limetulia, halipepesi.

"Umeniachia macho nikutazame ukiondoka," alisema. "Basi ondoka, nikutazame."

Ramli aliondoka. Alichomeka shati, akainua kichwa, akashika korido ndefu yenye taa nyeupe, hatua baada ya hatua, kiburi chake kikimrudia mabegani kama koti alilolizoea. Wageni walikuwa wakitoka, wakicheka, mmoja akampongeza kwa kumpa mkono, naye akaupokea. Mgongoni alihisi mahali padogo, penye ukubwa wa kifungo, pakiwaka. Alijiambia hatageuka. Mwanamume aliyefukuzwa hageuki.

Akaenda vilevile lilivyokwenda lile dirisha lake, mbele tu, na kilichobaki nyuma akakifuta. Laiti angesimama. Angeona karatasi ikishuka taratibu, na uso uliokuwa nyuma yake umelowa wote. Angeona mguu mmoja wa Binti Vioo ukitoka kwenye kizingiti cha chumba cha vioo, kisha wa pili, ukija alikokwenda yeye. Na nyuma ya bega la binti angemwona mzee akiwa ameiweka tena simu sikioni, ameupa ukuta uso, akimwambia dada yake kwa sauti ya chini kwamba wale wa posa ya mwisho wa wiki wasingoje, waje kesho.